Habari za Ekseli na Grisi katika Bonde la Mkondoa

Msafiri atokaye Kilosa kwa garimoshi la reli ya kati, akaziacha nyuma stesheni za Munisagara na Mzaganza, hujikuta amebanwa baina ya milima ya Usagara kulia na kushoto, na mto Mkondoa ukiandamana naye, mara upande huu mara upande wa pili, hata afike Kidete, stesheni ndogo ambayo jina lake hutajwa katika habari za mafuriko zaidi kuliko habari nyingine yoyote. Walioandika juu ya bonde hili, nao si wengi, aghalabu wamesimulia reli, madaraja na vichwa vya treni, wala hawastahili lawama, kwa maana vitu hivyo ni vikubwa na huonekana kwa mbali. Azma yangu ni kusimulia kitu kidogo kuliko hivyo vyote, kilichositirika ndani ya gurudumu, pale ekseli inapokutana na kile kinachoizunguka, mahali ambapo pasipokuwa na mafuta pana moto. Naamini kwamba gurudumu lilipata makazi katika nchi ya Kidete na Kilosa siku lilipopata watu wa kuitunza ekseli yake, na kwamba fundi wa leo anayefungua magurudumu ya mbele ya gari kuukuu, akaosha beringi zake na kuzijaza grisi kwa kiganja, anaendeleza kazi iliyoanza humu kabla motokaa haijajulikana.

Katika zama za misafara, bonde la Mkondoa lilikuwa mojawapo ya milango ya kupandia bara. Richard Burton na John Speke walipita humo mwaka 1857, wakiongozwa na watu wa pwani na Wanyamwezi walioijua njia hiyo zamani sana kabla ya Mzungu yeyote kuisikia, na kila bidhaa iliyopanda, yaani merikani, shanga na nyaya za shaba, na kila bidhaa iliyoteremka, ambayo kwanza ni pembe za ndovu, ilikwenda juu ya bega au kichwa cha mwanadamu. Na wanadamu wenyewe, wamefungwa shingo kwa minyororo, waliteremshwa kwa njia hiyohiyo kuuzwa pwani. Frasila moja ilikuwa ratili 35, na mzigo wa mpagazi mzima ulikaribia frasila mbili. Mbung'o aliwaua ng'ombe na farasi, punda aliponea chupuchupu, na njia yenyewe, ambayo upana wake ulikuwa upana wa nyayo za mtu mmoja, ilipinda kufuata kila mti ulioanguka. Katika hali hiyo gurudumu lingefanya nini?

Jibu la swali hilo lilitolewa humu bondeni mnamo Mei 1871, na lilitolewa kwa namna ya wazi kabisa. Henry Stanley, alipotoka Bagamoyo mwezi Machi wa mwaka huo kumtafuta Livingstone, alichukua pamoja na mizigo yake mkokoteni alioutengenezesha Unguja, akitumaini kwamba ukivutwa na punda ungepunguza idadi ya wapagazi na kuharakisha safari. Mkokoteni ukamchelewesha tangu siku za kwanza: ulikwama katika matope ya Mkata, ulinaswa na vichaka, na yule Mwingereza Shaw aliyekabidhiwa kuusimamia alikuwa akifika kambini saa nyingi baada ya wenzake. Walipokuwa wamepita vivuko vya Mkondoa, na chakula kimepungua, Stanley alimpelekea Shaw amri ya maandishi autupe mkokoteni ule korongoni au mtoni na aje upesi. Saa zikapita, wala hakuna mtu, hata alipotoka mwenyewe kwenda kuwatazama akamwona mbele ya msafara mmoja wa watu wake, mtu wa miraba minne ambaye vitabu vimemwandika Chowpereh, amejitwika mkokoteni mzima kichwani, magurudumu, ekseli, mikono na bodi, kwa kuwa alikwisha kupima na kuona kwamba kuubeba ni kwepesi kuliko kuuvuta. Stanley hakuwa na la kusema tena. Mkokoteni ukasukumwa ndani ya matete marefu ukaachwa humo.

Wasomaji wengi wamekipita kisa hiki kama kichekesho cha safari, nami nakiona kuwa ni hukumu ya mtu mwenye maarifa. Chowpereh hakuwa mjinga wa vyombo. Alikuwa mpagazi mzoefu, na ndiye huyohuyo aliyekuwa baadaye miongoni mwa watumishi waliokaa na Livingstone hadi mauti yake mwaka 1873 na kuichukua maiti yake kwa miguu hadi pwani. Mtu kama huyo akisema kwa kitendo kwamba chombo hiki ni mzigo, basi ni mzigo.

Wengine walijaribu baada ya Stanley, nao walipata majibu yaleyale kwa gharama kubwa zaidi. Wamisionari wa London Missionary Society, baada ya mwenzao Roger Price kupeleleza njia ya Saadani hadi Mpwapwa mwaka 1876 na kurudi na matumaini, walileta mwaka uliofuata magari ya ng'ombe ya namna ya Afrika Kusini, na mwaka huohuo Alexander Mackay wa Church Missionary Society aliongoza kazi ya kufyeka barabara ya kupitisha magari kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kaskazini ya bonde letu. Ng'ombe wakafa kwa mbung'o mmoja baada ya mmoja, na mizigo ikarudi mabegani mwa watu. Miaka thelathini baadaye, tarehe 10 Agosti 1907, luteni wa Kijerumani Paul Graetz alitoka Dar es Salaam na motokaa iliyotengenezwa Gaggenau, imeinuliwa juu ya magurudumu marefu ili tumbo lake lisikwaruze mawe, akaelekea bara kwa njia ya Morogoro akikusudia kufika pwani ya magharibi ya Afrika. Akafika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, karibu miezi ishirini na moja baadaye, na sehemu kubwa ya muda huo gari lake lilikuwa limesimama likingoja vipuri, likivutwa kwa kamba, au likisukumwa na watu. Wajerumani walilishangilia tendo hilo kuwa ushindi wa motokaa. Kwa mtu wa Usagara aliyeitwa kuja kuvuta kamba, naona lingekuwa vigumu kulitofautisha na mkokoteni wa Stanley.

Gurudumu lililokaa lilikuwa la reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya kampuni ya Philipp Holzmann, chuma kikafika Morogoro mwaka 1907, Kilosa mwaka 1909, kisha kikapandishwa katika bonde la Mkondoa kwa kuvuka na kuvuka tena mto ule mpaka Kidete, Godegode na Gulwe, kikatokea katika tambarare za Ugogo, kikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upana baina ya reli na reli ulikuwa mita moja. Habari za vibarua waliochimba, waliobeba mataruma na waliokufa zinadai makala yake peke yake. Mimi nasimama hapa kwenye behewa, kwa sababu ndipo ilipoingia kazi ninayoisimulia.

Kila behewa la zama zile lilikaa juu ya ekseli zake kwa mpango mwepesi kuueleza na mgumu kuutunza. Gurudumu la reli halizunguki juu ya ekseli; hukazwa nayo likawa kitu kimoja, na ekseli yenyewe ndiyo izungukayo, hali ncha zake mbili zilizosuguliwa zikang'aa zimeingizwa ndani ya sanduku la chuma lililo nje ya gurudumu. Ndani ya sanduku, juu ya ncha ile, huketi kipande cha shaba nyeupe au nyekundu kilichopindwa mfano wa mgongo wa kobe na kutandikwa tumboni madini laini ya risasi, bati na antimoni, ya jamii ile aliyoivumbua Mmarekani Isaac Babbitt mwaka 1839. Na chini ya ncha hushindiliwa nyuzi za sufi au pamba zilizolowekwa mafuta, ambazo kazi yake ni kuinua mafuta kidogo kidogo kutoka chini na kuyapaka kwenye chuma kinachozunguka. Uzito wote wa behewa, na wa mkonge, karanga na abiria waliomo, hukaa juu ya utando huo wa mafuta usiofika unene wa unywele. Utando ukikatika, chuma kinagusa chuma. Madini laini yanayeyuka, nyuzi zinashika moto, moshi wenye harufu kali unatoka sandukuni, na dereva asipoonywa kwa wakati ncha ya ekseli hukatika na behewa likatoka njiani.

Kwa hiyo reli haikuweza kwenda bila mtu mmoja ambaye picha za ufunguzi na hotuba za magavana hazikumtaja. Treni iliposimama stesheni, mtu huyu alishuka na kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, ndoana ya kuvutia nyuzi, na nyundo yenye mpini mrefu, akaenda behewa kwa behewa. Kwa nyundo aligonga gurudumu akasikiliza, kwa sababu chuma kizima hulia kwa sauti ya wazi na chuma chenye ufa hulia kwa sauti iliyokufa. Kwa mgongo wa mkono wake alipapasa sanduku la ekseli, kwa kuwa ngozi ya mgongo wa mkono hutambua joto upesi kuliko kiganja kilichoota sugu. Alifungua kifuniko, akazivuta nyuzi kutazama kama zimejikunja au zimekauka, akazishindilia upya, akamimina mafuta, akafunga. Katika njia hii kazi yake ilikuwa na adui wawili wasiopatana: vumbi la Ugogo wakati wa kiangazi, ambalo hupenya kila kifuniko kisichokaa sawasawa na kuyageuza mafuta kuwa kama dawa ya kunolea visu, na maji ya Mkondoa wakati wa masika, ambayo yakiingia sandukuni huketi chini na kuyainua mafuta mpaka yamwagike. Kutoka Kilosa, ambako ardhi iko kiasi cha mita 500 juu ya bahari, mpaka Dodoma iliyoko zaidi ya mita 1100, treni ilipita kutoka ufalme wa adui mmoja kuingia ufalme wa pili katika safari ya siku moja.

Vita vya kwanza vya dunia viliingiza motokaa bondeni kwa mlango wa ajabu. Agosti 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yaliteremka kutoka Dodoma na Mpwapwa kufuata reli hadi Kilosa, na Wajerumani, kila walipoondoka mahali, walivunja madaraja na kuondoa vichwa vya treni. Mahandisi wa Afrika Kusini walipokuta reli imebaki na hapana cha kuipitia, walichukua malori ya petroli, wakayavua matairi ya mpira, wakayavisha magurudumu ya chuma yenye ukingo, wakayapitisha juu ya reli na juu ya madaraja ya muda ya magogo yasiyoweza kuhimili kichwa cha treni. Hata hivyo mizigo mingi ya vita ile ilibebwa kichwani na wapagazi walioandikwa kwa nguvu, ambao walikufa kwa maelfu yasiyohesabika kwa njaa na maradhi, na makaburi yao hayana alama. Ndiyo mara ya mwisho nchi hii ilipolipa kwa uti wa mgongo wa watu kazi ambayo gurudumu lilishindwa kuifanya, na si haki kuzisimulia beringi bila kuwakumbuka.

Baada ya vita, chini ya serikali ya Waingereza, wilaya ya Kilosa ikawa nchi ya mkonge. Mashamba ya Kimamba, Rudewa na Msowero yalikuwa na vijireli vyao vya kuvutia majani hadi korona, yaani mashine ya kuyakamua, na mkonge uliokamuliwa ulipelekwa stesheni kwa malori. Hapo kazi ya ekseli ilianza kuhama kutoka behewa kwenda gereji. Lori la mashambani liliharibika shambani, maili nyingi kutoka kwa wakala aliyeliuza, na aliyelifungua alikuwa kijana aliyesimama kwanza akimshikia Mhindi au Mgiriki spana, kisha akaachiwa spana aishike mwenyewe. Vita vya pili vikaongeza idadi yao, kwa maana Waafrika wengi wa Afrika Mashariki waliandikwa jeshini kuendesha na kutengeneza malori huko Uhabeshi na hadi Burma, na waliporudi walikuwa na maarifa ya kazi hiyo.

Kitu walichokikuta ndani ya gurudumu la mbele la motokaa kilikuwa kingine na kile cha behewa. Wazo la kuweka gololi baina ya ekseli na gurudumu ili mviringiko uchukue mahali pa msuguano lilikuwa la zamani. Philip Vaughan wa Carmarthen huko Wales alikwisha kulisajili mwaka 1794 kwa ajili ya magari ya farasi. Lakini gololi hushika kwa nukta moja tu, na gurudumu la mbele lina taabu mbili kwa wakati mmoja: hubeba uzito wa gari kutoka juu, na kila gari linapokata kona husukumwa kwa ubavu. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi katika mji wa St. Louis, alisajili mwaka 1898 beringi ya viviringisho vya chuma vilivyo vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili, vilivyopangwa kuizunguka koni na kukaa ndani ya kikombe kilichoinama kwa pembe ileile. Beringi mbili za namna hii, moja kubwa ndani na moja ndogo nje, zikielekezana, huchukua uzito na ubavu pamoja, na uzuri wake mkubwa ni kwamba fundi anaweza kuzikaza au kuzilegeza kwa nati moja mpaka zikae sawasawa. Lori za Bedford, Land Rover zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, na magari mengi ya zama hizo yaliyojaza barabara zetu za vumbi yalitembea juu ya mpango huo.

Mtazame fundi stadi akiifanya kazi hii, maana haifahamiki kwa kusimuliwa jumla. Gari limeinuliwa kwa jeki na kuegeshwa juu ya magogo, tairi limetolewa, kofia ya habu, yaani ya kitovu cha gurudumu, imeng'olewa, pini imenyooshwa ikavutwa, nati imefunguliwa, habu ikatoka na beringi zake. Beringi huoshwa kwa mafuta ya taa ndani ya sufuria mpaka grisi kuukuu yote itoke, kisha huachwa zikauke zenyewe, na fundi huzigeuza polepole mbele ya jua akitafuta vitu vitatu: vishimo vidogo kwenye viviringisho, rangi ya samawati iachwayo na joto, na mikwaruzo kwenye kikombe. Akiona kimojawapo, koni na kikombe chake huondoka pamoja, wala haifai kuweka koni mpya ndani ya kikombe kikuukuu, kwa kuwa kila kimoja kimekwisha kulika kwa umbo la mwenzake. Kikombe kipya hupigwa ndani ya habu kwa kipande cha shaba au chuma laini, kidogo upande huu, kidogo upande wa mkabala, kisiende mrama. Na sikio humwambia kilipofika, kwa kuwa mlio wa nyundo, uliokuwa mzito wakati kikombe kinatembea, hugeuka ghafla ukawa mkavu wa juu mara tu kinapokalia bega lake. Hapo asiongeze pigo hata moja.

Ndipo huja grisi. Huchota donge akaliweka katika kiganja cha kushoto, akashika koni kwa mkono wa kulia na kuisukuma kwenye ukingo wa donge, upande wake mpana ukiwa chini, tena na tena, mpaka grisi ipenye baina ya viviringisho na kuchomoza kwa juu mfano wa minyoo midogo. Akageuza sehemu nyingine, akafanya vivyo hivyo, hata akamaliza duara zima. Mwanafunzi mwenye haraka hupaka grisi nje ikang'aa, akadhani amemaliza, na ndani ya beringi hiyo kukavu. Mwenye kosa la pili hujaza habu yote hadi kofia, akidhani wingi ni usalama, kumbe grisi ikipata joto hutanuka, na isipopata nafasi husukuma sili na kumwagikia breki. Beringi ya ndani huwekwa kwanza, sili ikafuata, habu ikapandishwa juu ya stabu, yaani ncha ya ekseli, bila kuigusa sili kwa ncha ya chuma, beringi ya nje ikaingia, washa, kisha nati. Nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa kwa mkono, ili viviringisho vipate kujipanga, mpaka uzito wa kukaza usikike mkononi. Kisha hurudishwa nyuma kidogo, kiasi cha kuacha mchezo wa sehemu chache za elfu za inchi. Ikikazwa mno, beringi itaungua kabla gari halijafika Mkata. Ikilegea mno, gurudumu litacheza na kula tairi na usukani. Mwisho hufungwa pini mpya, au kwa Land Rover za zamani hukunjwa bati lililo baina ya nati mbili, na fundi hulishika tairi juu na chini kwa mikono miwili akalitikisa, akisikiliza kwa viganja.

Na grisi yenyewe haikuwa moja siku zote, jambo ambalo watu wengi hulisahau. Ile iliyotengenezwa kwa sabuni ya chokaa ilivumilia maji lakini iliyeyuka mapema kwa joto la breki. Ile ya sabuni ya magadi ilistahimili joto lakini maji yaliiyeyusha ikatoka kama povu la kufulia. Na dereva wa nchi ya vivuko na milima alitaka zote mbili kwa pamoja na hakupata, mpaka ilipokuja grisi ya lithiamu, iliyosajiliwa na Mmarekani Clarence Earle mwaka 1942, ambayo hustahimili joto na maji kwa kiasi cha kuridhisha. Kuchanganya aina mbili katika habu moja ni hatari, kwa kuwa aghalabu huharibiana zikawa uji, na kwa ajili hiyo mafundi wa zamani walishikilia kuosha yote kabla ya kuweka mpya, hata pale mwenye gari aliponung'unika kwamba anapotezewa grisi nzuri.

Ustadi huo ulitahiniwa vikali mwishoni mwa mwaka 1965. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba mwaka huo, na Zambia ikakatiwa njia ya mafuta ya upande wa kusini, petroli na dizeli zilianza kupelekwa kwa mapipa juu ya malori kutoka Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Mikumi na Iringa hadi mpakani, katika barabara ambayo sehemu zake kubwa zilikuwa udongo mtupu, vumbi la kufika magotini wakati wa jua na utelezi wa kuua wakati wa mvua. Madereva waliipa majina ya jehanamu. Lori lililojaa mapipa likiteremka milima, breki zikiwaka, joto lote hilo huingia ndani ya habu. Na aliyepita Mikumi, ambako mwaka 1964 palikuwa pamefanywa hifadhi ya taifa, hakutamani beringi yake ife usiku mbele ya tembo na simba. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968, na lami ilipofuata, dhiki ile ilipungua, lakini kizazi kizima cha mafundi na utingo kilikuwa kimesoma katika chuo kile.

Bondeni kwetu mtihani haukuisha. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliitikisa reli ya kati, na mnamo Desemba 2009 na Januari 2010, bwawa la Kidete likiwa limebomoka na halizuii tena, Mkondoa ulishuka kwa nguvu zote, ukang'oa tuta la reli baina ya Kilosa na Gulwe, ukaingia mjini Kilosa na kuwaondosha maelfu ya watu majumbani mwao. Treni zilisimama miezi kadhaa. Safari za huko zikabaki kwa magari yenye uwezo wa kuingia majini, na hapo linakuja jambo ambalo kila dereva wa bonde hili angepaswa kulijua. Habu ya gari lililotoka mteremkoni ni ya moto, na hewa iliyomo ndani imetanuka. Gari likitumbukia ghafla katika maji baridi ya kivuko, hewa hujikusanya, na nafasi iliyobaki huvuta maji kupitia sili iliyochakaa. Dereva huvuka salama, akashukuru, akaenda zake, na maji yamebaki ndani pamoja na mchanga mwembamba wa mto. Wiki kadhaa baadaye gurudumu huanza kulia. Fundi akifungua huikuta grisi imekuwa nyeupe kama maziwa yaliyoganda, na vikombe vimeota kutu katika mistari iliyofuatana sawasawa na nafasi za viviringisho, alama ya mahali gari liliposimama usiku. Kwa hiyo dereva mwenye hadhari husimama kabla ya kivuko, akaacha magurudumu yapoe ndipo aingie, na masika yakiisha hufungua habu zote nne hata kama hakuna inayolia.

Tangu Julai 2024 treni za umeme za reli mpya ya kisasa, ambayo upana wake ni milimita 1435, zimekuwa zikipita kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, zikitoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki, na Kidete imepata stesheni ya pili. Beringi za treni za namna hii ni za viviringisho vile vya Timken, lakini zimefungwa kiwandani na grisi yake ndani, wala hakuna mtu ashukaye na kopo na ndoana. Motokaa mpya nazo zimefuata njia hiyohiyo: habu ni kitu kimoja kilichozibwa, ikilia hutupwa ikanunuliwa nyingine, na fundi hana cha kuosha wala cha kupaka. Silaumu maendeleo hayo, kwa kuwa yameokoa ekseli nyingi na roho nyingi. Lakini Land Rover na malori ya zamani hayajatoweka vijijini, yapo yanayobeba vitunguu, mkaa na wagonjwa katika njia ambazo gari jipya haliziwezi, na beringi zake bado zinadai kiganja kinachojua kazi.

Wilaya hii ya Kilosa ina chuo cha ufundi cha VETA pale Mikumi, kando ya barabara ileile ya mapipa ya mafuta. Ningependa kila mwanafunzi wa makanika anayeingia hapo apewe, kabla ya mashine ya kupima kwa kompyuta, habu moja ya gari kuukuu, sufuria ya mafuta ya taa na kopo la grisi, aambiwe kuing'oa, kuiosha, kuijaza na kuikaza, na mwalimu wake asimruhusu kuendelea mpaka atakapofumba macho na kusema, kwa kusikia mlio wa nyundo peke yake, kikombe kimefika.